Presha ya Kupanda na Mbolea ya Kupandia

Vidonge vya presha vya baba nilivikuta stoo, ndani ya kopo la plastiki, na kopo limekaa juu ya mfuko wa mbolea ya kupandia. Ulikuwa mwezi wa tatu. Mahindi yalikuwa yameshafika kiunoni, maharage yanatoa maua, na mbolea iliyobaki ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani ikisubiri mwaka mwingine. Kopo nalo lilikuwa limezungushiwa kamba ileile, kwa fundo lilelile. Mimi nilikuwa nimeingia kutafuta debe la pumba. Nilisimama pale nikalitikisa kopo sikioni, na mlio wake ukaniambia kwamba vidonge vilikuwa vingi mno kwa mtu anayetakiwa kumeza kila siku.

Nilitoka nacho uani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe.

"Baba, hivi vidonge vinafanya nini stoo?"

"Vinasubiri."

"Vinasubiri nini?"

"Msimu." Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Sista alisema nina presha ya kupanda. Sasa tumeshapanda, mwalimu. Saa hizi ni palizi."

"Na wakati wa palizi huumwi?"

"Ya palizi sijaambiwa."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ninafundisha shule ya msingi upande wa Nangwa, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa darasa la tano maneno yenye maana zaidi ya moja. Mfano wangu ni uleule kila mwaka, paa la nyumba na paa wa porini, kwa sababu ndio niliofundishwa na mimi. Haikuwahi kunijia kwamba kuna neno limekaa nyumbani kwetu Endasak likimvizia baba yangu. Katika lugha yetu ya nyumbani, kupanda mbegu na kupanda mlima ni maneno mawili yasiyojuana kabisa. Kiswahili ndicho kilichoyaweka chumba kimoja, na baba, ambaye Kiswahili alikipata ukubwani, mnadani na kanisani, alichagua ile maana anayoishi nayo.

Na nisimwonee. Baba ni mtu wa utaratibu kuliko mimi. Kwake mbolea ya kupandia ina wakati wake na mbolea ya kukuzia ina wakati wake, na ukizichanganya utachekwa mpaka mavuno. Dawa ya ghala ina siku yake. Dawa ya kupe ina siku yake. Kwa hiyo alipopewa dawa ya kupanda, aliimeza kwa uaminifu mvua za kwanza zilipoanza, akaimeza siku zote za kutembea nyuma ya plau, na siku mbegu ya mwisho ilipofukiwa akafunga kopo kwa kamba akaliweka mahali linapohusika. Angekuwa mvivu ningejua jinsi ya kugombana naye.

Lakini sikucheka. Kaka yake, baba yangu mkubwa, alikuwa mtu mzima wa afya, anabeba gunia peke yake, mpaka asubuhi moja alipokuwa anamfunga fahali kamba na mkono wa kulia ukakataa. Alikaa kitandani mwaka mzima na zaidi, mdomo umekwenda upande, akituita sote kwa sauti moja tusiyoielewa. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji likizo. Siku sista wa zahanati alipotamka neno presha mbele ya baba, niliuona ule mdomo. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Habari yenyewe ilianza kanisani. Jumapili moja baada ya ibada walikuja wahudumu wa afya na mashine ya kupimia, wakaweka meza kivulini. Baba aliona foleni akajua kuna kitu kinagawiwa, akapanga. Alipofika mbele akafungwa kitambaa mkononi kikajaa upepo. Mhudumu akaitazama namba, akakifungua, akakifunga tena, akamwambia aende zahanati. Baba alirudi nyumbani amekasirika kwamba amepanga foleni ndefu kupewa ugonjwa.

Kuanzia hapo kaka yangu anayeishi Arusha alijiteua kuwa mshauri wetu wa afya. Alifungua kundi la familia kwenye simu, na kila asubuhi kabla sijanywa chai linalia. Wataalamu wamegundua. Wataalamu wamethibitisha. Wataalamu wanaonya. Wiki hii mayai ni hatari, wiki ijayo mayai ni rafiki wa moyo. Kahawa inaua, kahawa inaponya. Ukilala mchana kidogo unaishi miaka mingi, ukizidisha kidogo unakufa. Mama hana simu, kwa hiyo baba humsomea kwa sauti akiwa anapika, naye mama hujibu wataalamu mmoja mmoja.

"Waulize hao wataalamu kama wana mifugo," alisema siku moja. "Mtu mwenye mifugo hawezi kubadilisha mawazo kila wiki."

Siku lilipokuja suala la chumvi, baba alilichukulia kwa uzito. Aliwanyima chumvi ng'ombe. Ile chumvi ya magadi inayotoka ziwa Balangida, ambayo ng'ombe wetu wamelamba tangu mababu zao, aliiondoa zizini akaitundika juu, eti hatuwezi kumponya mwenye mji tukaacha wengine waumwe. Yeye mwenyewe aliendelea kutia chumvi kwenye makande, kwa sababu ujumbe haukutaja makande. Ng'ombe walilamba ukuta wa stoo mpaka udongo ukabomoka.

Kwa hiyo siku ile ya kopo, sikutaka wataalamu wala ujumbe. Nilitaka kumaliza jambo kama mwalimu. Nilichukua kijiti, nikachora mshale kwenye vumbi, ncha yake ikitazama juu.

"Baba, sikiliza. Siyo kupanda mbegu. Ni kupanda, kwenda juu. Damu inasukumwa kwa nguvu, presha inapanda, inapanda, kama mtu anavyopanda mlima."

Sijui kwa nini nilitafuta mlima. Ningeweza kusema mti, ningeweza kusema ngazi. Mlima Hanang uko nyuma ya nyumba yetu, umejaa anga nzima, na shamba letu lenyewe limeinama kiasi kwamba kibuyu kikidondoka unakifuata kwa jirani. Baba aliacha mpini. Aliutazama mshale, akageuka akautazama mlima kwa muda mrefu, kisha akaitazama njia inayoshuka kuelekea bondeni.

"Kumbe," alisema taratibu.

Nilifurahi. Darasani mtoto akisema kumbe kwa sauti ile, ninajua amepata. Nilimpa kidonge na maji, akameza mbele yangu bila ubishi, nikateremka kwenda Nangwa nikijisifu njia nzima.

Baada ya wiki mbili mama alipiga simu kwa kutumia simu ya jirani.

"Baba yako amehama."

"Amehama kwenda wapi?"

"Getanuwas. Amechukua blanketi, redio na fimbo. Kopo ameliacha. Amesema kule hakuna mlima, kwa hiyo dawa ya kupanda ya nini. Halafu kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Njoo umwone mwenyewe," mama akasema, na simu ikakatika.

Nilipanda pikipiki mpaka inapoishia njia ya pikipiki, nikatembea sehemu iliyobaki nikihema na kusemasema peke yangu. Uani kwetu, kwenye kigoda cha baba, alikuwa amekaa mzee mrefu, mwembamba, mwenye shuka jeusi begani, anakunywa chai ya mama. Nilimjua. Ni mfugaji wa Getanuwas, rafiki wa baba tangu ujana wao, na zizini kwake ndiko waliko ng'ombe wetu ambao huku mlimani hawana malisho. Watu wa kwao na watu wa kwetu walichukuliana ng'ombe kwa mikuki zamani. Hawa wawili waliamua kuwekeana ng'ombe kwa hiari, na ninadhani hakuna undugu wa damu unaoshinda huo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Alinikaribisha kwetu kwa utulivu kabisa.

Nikamwuliza habari za safari, habari za mji, habari za ng'ombe, kama inavyotakiwa, roho ikiwa juu. Mwisho nikauliza kilichomleta.

"Mimi nina presha ya kushuka," akasema. "Walinipima mnadani. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, jua kali, nikaona giza. Yule wa mashine akasema presha yangu imeshuka. Sasa baba yako akaja akaniambia ulivyomfundisha. Presha inafuata mahali. Yeye anakaa juu, yake imepanda. Mimi nakaa chini, yangu imeshuka. Tukaona ni jambo rahisi. Tubadilishane nyumba mpaka kila mmoja akae sawa."

"Mimi sikufundisha hivyo."

"Baba yako alinichorea ule mshale," akasema kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwongo. "Na kaka yako amekubali."

Kaka yangu alikuwa amekubali kweli. Nilifungua simu nikakuta, siku tatu nyuma, ameweka kwenye kundi ujumbe kwamba wataalamu wanasema mazingira anayoishi mtu yana mchango mkubwa kwenye afya ya moyo. Baba alikuwa amemjibu kwa ujumbe wa sauti: "Asante mwanangu, tumelifanyia kazi." Kaka akaweka alama ya mikono miwili inayopiga makofi.

Nilimpigia baba simu mara nne. Mara ya tano akapokea, upepo unavuma.

"Sema haraka," alisema. "Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao. Sitakiwi kukaa huku juu muda mrefu."

"Baba, rudi nyumbani umeze dawa."

"Huku niko mzima. Nalala vizuri. Hata kichwa hakiumi."

"Presha haiumi, baba. Ndio ubaya wake. Baba mkubwa aliumwa nini?"

Baba hapendi kutajiwa kaka yake.

"Kaka yangu alikaa juu kuliko sisi sote," akasema. "Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Nilipaswa kulijua hilo mapema." Halafu akashuka kichuguu na mtandao ukaenda.

Niliketi pembeni ya jiko la mama nikalia kwa hasira. Siyo kilio kikubwa, kilio cha kufuta kwa kanga. Mama alinitazama, akanisogezea kikombe.

"Umemweleza kwa Kiswahili," alisema. "Ungeniachia mimi."

Nilimwomba basi amweleze. Akasema sasa ameshahama, atamweleza nani. Tukakubaliana kwamba Jumamosi nitakwenda mwenyewe Getanuwas nimrudishe, na nikarudi Nangwa.

Jumamosi ilikuwa haijafika bado. Alhamisi nilikuwa darasani, nimeandika ubaoni paa na paa, simu yangu ikalia mfukoni, namba ya jirani. Safari hii mama aliongea kwa lugha yetu, haraka. Mgeni ameanguka kwenye hori la maji ya ng'ombe. Anapumua lakini hasikii. Wanaume wanambeba kwenda zahanati.

Njiani nilifikiri kila kitu isipokuwa kile kilichotokea. Nilipofika, mzee alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha zahanati, miguu imeinuliwa juu ya mto, ana dripu mkononi, macho wazi. Shuka lake jeusi lilikuwa limelowa upande mmoja. Sista, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa amesimama na lile kopo la baba mkononi, lenye kamba yake ya katani.

"Amemeza viwili," aliniambia. "Viwili kwa mpigo, vya mtu mwingine, na presha yake ya kawaida iko chini tayari. Angekuwa peke yake porini tungekuwa tunaongea mengine. Nimemwuliza kwa nini, amesema nikuulize wewe."

Nilimgeukia mzee. Alikuwa mtulivu uleule.

"Nilitaka ipande," akasema. "Nimekaa hapa mlimani wiki nzima sioni tofauti. Nikamwomba mama yako ile dawa ya presha ya kupanda. Akasema hajui habari za dawa, mwenyewe hayupo. Nikaichukua stoo."

"Baba, ile inashusha. Ni dawa ya kuzuia presha isipande."

"Inaitwa dawa ya presha ya kupanda."

"Ndiyo. Ni kama dawa ya kikohozi. Inaondoa kikohozi."

Akaitazama dripu yake. "Na dawa ya usingizi inaondoa usingizi?"

Nina cheti cha ualimu. Nimesahihisha mitihani ya watoto wa shule nyingi. Katika maisha yangu yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kunishika pabaya namna ile, na huyu alikuwa amelala chali na dripu.

"Mwalimu," sista akasema, akinitazama juu ya miwani, "hivi hawa wazee umewaeleza nini?"

Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki nzima shuleni nilikuwa nimewacheka wazee hawa, walimu wenzangu wakinisaidia kucheka, na kumbe kila kosa lililowafikisha pale lilikuwa na sentensi yangu ndani yake.

Baba alifika alasiri. Mtu alikuwa amempigia akiwa kichuguuni kwake, na hakusubiri pikipiki wala gari la mnada. Alipata lifti nusu ya njia, nusu nyingine akaikata kwa miguu, kutoka bondeni kuja juu, mtu aliyekuwa anaogopa kichuguu. Aliingia anahema, jasho linamtoka, viatu vimejaa vumbi. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kitandani akamshika rafiki yake mkono usio na dripu.

"Atakufa?" alimwuliza sista.

"Hafi. Saa mbili hizi zimempa nafuu. Lakini wewe kaa chini."

"Mimi sina kitu."

"Kaa chini, mzee."

Akakaa kwenye benchi. Sista akaanza kukifunga kile kitambaa, kisha akasita akakiweka mezani. Alisema siku hizi wanasisitiza mtu apimwe akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza, na mdomo umefungwa, kwa sababu hata kuongea kunaweza kuipandisha namba. Akatuambia tukae kimya dakika tano. Nilikuwa nimekaa pembeni ya baba. Tukakaa kimya, tunatazama ukutani bango la mama anayenyonyesha. Nilisikia pumzi yake ikirudi polepole, na nilikuwa naomba Mungu.

Akampima. Akaitazama namba, akasubiri, akapima tena.

"Bado iko juu sana," alisema. "Ulimeza lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijahama," baba akasema kwa sauti ndogo.

Sista akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao karibu yanagusana. Hakuchora kitu. Alisema, "Mzee, tuache habari za kupanda na kushuka. Damu yako inabana mishipa kuliko inavyotakiwa. Inabana ukiwa mlimani, inabana ukiwa bondeni. Masika inabana, kiangazi inabana. Ukilala inabana. Huisikii, lakini iko siku itapasua kitu, na utakuwa kama kaka yako ambaye mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia bandeji za vidonda vya kulala kitandani. Kidonge kinailegeza kwa siku moja tu. Kesho inaanza upya. Umeelewa?"

Baba alijipapasa shingo.

"Kama mtu anayefunga kamba shingo ya ndama kila asubuhi," alisema, "na mimi kila asubuhi naifungua."

"Hivyo hivyo."

"Sasa mbona hawakuiita hivyo? Haina jina jingine?"

"Lipo la kitaalamu. Shinikizo la juu la damu."

Baba akamtazama, akanitazama mimi, mwalimu wa Kiswahili. "La juu," alisema. "Mnaona wenyewe." Kutoka kitandani mzee wa Getanuwas akaguna kukubaliana naye.

Ndipo sista, kwa kuwa kitambaa kilikuwa mkononi na mimi nilikuwa nimekaa, akaniambia nitoe mkono. Nilimwambia hakuna haja. Akasema umri wangu una haja. Nikautoa huku nikitabasamu, nikijua naonyesha mfano kwa wazee. Kitambaa kikajaa, kikalegea. Akaitazama namba. Akakifungua, akakifunga tena. Niliona mikono yake ikirudia kile alichosimulia baba siku ya foleni ya kanisani, na tabasamu likaniishia.

"Mwalimu, na wewe yako si nzuri," akasema. "Utarudi kesho na kesho kutwa tuhakikishe. Lakini kwa namba hii, sidhani kama itakuwa kitu kingine. Una presha ya kupanda."

Na mimi, niliyesoma, niliyesoma kila ujumbe wa kila mtaalamu kwenye kundi letu, niliyekaa kwenye benchi lile dakika tano kimya na miguu chini, nilisikia sauti yangu ikisema:

"Hapana, sista. Ni kwa sababu nimepanda mlima sasa hivi."

Sista alikunja kitambaa. Mzee wa Getanuwas alifumba macho kwa adabu. Baba alinigeukia taratibu, uso umejaa vumbi la njia nzima, na hakucheka.

"Kupanda kupi, mwalimu?" aliuliza.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Namba ilikuwa ileile, nimetulia au sijatulia. Mzee wa Getanuwas aliteremka kwake Jumamosi, akiwa amesisitiziwa kula asubuhi na kunywa maji, akamwambia mama kwamba mlima ni mzuri ila una dawa kali. Ng'ombe walirudishiwa chumvi yao. Kaka yangu wa Arusha aliweka kwenye kundi ujumbe kwamba wataalamu wanasisitiza watu wasichangie dawa, na hakuna aliyemjibu.

Mimi nilipewa kopo langu. Wiki ya kwanza nilimeza vizuri. Wiki ya pili nilisahau siku moja, halafu siku nyingine sikusahau, nilijisikia mzima tu nikaona niache. Najua. Sina la kujitetea. Mama alikuja Nangwa kwa ibada, akaona kopo kabatini limejaa, akalitikisa sikioni kama nilivyofanya mimi stoo, akalirudisha bila kusema.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele ya shule, simu ililia. Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemeza?"

"Bado. Nitameza nikitoka kipindi cha kwanza."

"Sawa."

Nikangoja akate. Hakukata. Nilisikia jogoo wa kwetu, nikasikia mama akikoroga kitu, nikasikia vidonge vikigongana ndani ya kopo lililo mkononi mwake.

"Baba, na wewe umemeza?"

"Bado," akasema. "Nimeshika kimoja hapa. Nameza ukimeza wewe."

"Baba, usifanye hivyo. Wewe meza."

"Nasubiri, mwalimu. Sina haraka. Saa hizi ni palizi."

Watoto walikuwa wamejipanga mstarini wananitazama. Nilirudi ofisini, nikatoa kopo mkobani, nikamimina maji kwenye kikombe cha chai, nikameza na simu sikioni. Nikamwambia tayari. Upande wa pili nilimsikia akinywa maji yake, gudi, gudi, akakohoa kidogo, akakata simu. Anapiga kila asubuhi hadi leo, na hajawahi kutangulia kumeza.